Enzi Fupi ya Uzima

Gari kuukuu kutoka Japani lina harufu yake, na hapo hakuna mtu wa kunidanganya. Ni moshi wa sigara uliolala miaka mingi kwenye vitambaa vya viti, ni nailoni ya kufunikia viti, na juu yake kuna utamu wa sabuni fulani ambayo sijawahi kuiona ikiuzwa hapa Johannesburg. Mwezi uliopita Papa alikuja kumwona mwanangu, akavua koti lake akalitundika nyuma ya mlango. Chumba changu ni kidogo. Kabla hata chai haijachemka harufu ile ilikuwa imefika kwenye godoro la mtoto. Nililichukua lile koti nikalitupa kwenye kamba ya nguo huko nje. Papa alidhani namwonea kinyaa. Si kinyaa. Harufu hiyo ikiniingia puani nakuwa tena na miaka kumi na miwili, nimesimama mbele ya kaunta ya kliniki, na kuna jina moja nimelibana kwa meno lisitoke.

Nawaeleza ninyi kwa sababu kwetu jambo hili halizungumzwi.

Tulikaa Bertrams, upande ule ambao Jumamosi kukiwa na mechi uwanjani, kelele za watu hutikisa vioo vya madirisha. Nyumba ilikuwa ya zamani, imegawanywa kwa mbao, kila familia na kipande chake, na sisi tulikuwa na chumba cha mbele. Papa na Mama walitoka Lubumbashi nikiwa bado mgongoni. Mama alisuka nywele za watu saluni. Papa alifanya kazi katika yadi ya magari, kusini mwa mji, ng'ambo ya vilima vya michanga ya migodi. Magari yalitoka Japani kwa meli, yakashuka bandarini Durban, yakapumzika pale yadini siku kadhaa, kisha madereva wakayapeleka Kongo. Papa hakuendesha wala hakuosha gari. Kazi yake ilikuwa makaratasi.

Kule mpakani umri wa gari ndio kila kitu, na Wajapani, kama hamjui, wana njia yao ya kuhesabu miaka. Kila mfalme akiketi, enzi yake hupewa jina, na miaka huanza upya: mwaka wa kwanza wa jina hilo, wa pili, wa tatu, mpaka atakapoondoka. Kwa hiyo karatasi ya gari inaweza kukwambia tu Heisei kumi na saba, na wewe unayetaka kulinunua ukabaki umekodoa macho. Papa hakujua Kijapani, lakini yale maandishi mawili ya Heisei na mengine mawili ya Showa aliyajua kama mtu anavyojua nyuso za majirani. Alikuwa amechora jedwali kwa mkono wake, enzi upande huu, miaka ya kawaida upande ule, akalibandika ukutani juu ya meza yetu ya kulia. Wenzangu kwao walikuwa na picha ya Yesu. Sisi tulikuwa na Yesu na wafalme wa Japani.

Jioni, wakati Mama anasonga bukari, ugali wa kwetu, Papa alinipima. "Doka, Heisei ishirini na moja?" Nami najibu elfu mbili na tisa kabla hajafunga mdomo. "Showa sitini na nne?" Hapo nilikuwa nacheka, maana ulikuwa mtego. Mwaka huo ulikuwa na siku saba tu. Mfalme alifariki wiki ya kwanza ya Januari, na watu wakaamka kesho yake wamo katika mwaka wa kwanza wa Heisei. Papa alisema siku akipata gari lililoandikishwa ndani ya siku zile saba ataomba picha nalo.

Nilipenda mchezo ule kuliko michezo yote. Nikaanza kutaja enzi zetu wenyewe. Kulikuwa na Enzi ya Bomba Lililopasuka, Enzi ya Mwenye Nyumba Mlevi, na Enzi ya Mama Kukata Nywele Zake Mwenyewe, ambayo Papa alisema ilikuwa ngumu kuliko zote. Mama alikuwa anatikisa kichwa tu. Aliniambia, "Weye na baba yako, siku moja mutamuuliza Mungu naye karatasi yake."

Mwaka nilipokuwa na miaka kumi na miwili, mfalme mzee wa Japani, aliyekwisha kusema amechoka, alikuwa anamwachia mwanawe kiti, na mwanzoni mwa Aprili jina la enzi mpya likatangazwa. Bosi wa Papa, Mpakistani aliyewahi kuishi Japani na kuoa huko, aliwaita wafanyakazi wote akawaonyesha kwenye simu: ofisa wa serikali anainua ubao mweupe wenye maandishi mawili meusi. Reiwa. Papa alirudi nyumbani kama mtu aliyetoka harusini. Jedwali lake lilihitaji mstari mpya, na yeye akauchora kwa rula, ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo.

Kisha akatueleza jinsi jina linavyotafutwa. Wasomi wazee huombwa kwa siri, kila mmoja achimbe kwenye vitabu vya kale alete majina yake. Majina yanakaguliwa. Liwe maandishi mawili tu. Liwe rahisi kuandika na rahisi kusoma, mpaka mtoto wa shule aliweze. Lisiwe limewahi kutumika. Liwe na maana njema ambayo watu wangependa kuishi ndani yake. Na herufi yake ya kwanza isigongane na za enzi za karibuni, kwa sababu kwenye fomu watu huandika herufi tu. Halafu watu wenye busara huitwa kutoa maoni, na wakubwa wa serikali wanaamua. Nilimwuliza Papa kwa nini taabu yote hiyo kwa jina tu. Akanitazama kama nimetukana. Akasema zamani walikuwa hawasubiri hata mfalme afe. Tetemeko likipita, jina linabadilishwa. Njaa ikiingia, linabadilishwa. Mfalme akiugua, wanatafuta jina jipya lenye heri, ili ule wakati mbaya ukija usikute wa kumwangusha.

"Na anapona?" nikauliza.

Papa akasema jina jema hung'aa gizani. Nilipokuwa mtoto nilidhani hilo ni jibu.

Mdogo wangu alizaliwa katikati ya mwezi uleule. Mama alikuwa amepoteza mimba mbili baada yangu, kwa hiyo mtoto huyu alingojewa na watu wa nyumba nzima, hadi yule mwenye nyumba mlevi alileta pakiti ya nepi. Papa alimpa jina la Ilunga, jina la kaka yake mkubwa aliyekufa kijana. Kwetu ndivyo ilivyo, mtoto anarudisha mtu. Muuguzi akaliandika kwenye kile kijitabu cha kliniki ambacho kila mtoto hapa Afrika Kusini hupewa akizaliwa, cha uzito na chanjo. Papa alipenda kusema mwanawe ana bahati, amezaliwa enzi moja na ataota meno enzi nyingine. Hakuwahi kuota meno, lakini tutafika.

Alikuwa na kichwa kirefu na nywele laini zilizolala mbele kama za mzee aliyetoka kuoga. Nilirudi kutoka shule mbio ili nimshike kabla hajalala. Akinyonya alikuwa ananishika kidole, na akilala hakiachii, basi nilikuwa nakaa hapo na kazi yangu ya shule naandika kwa mkono wa kushoto. Mwalimu aliniuliza kwa nini mwandiko wangu umekuwa wa kuku. Nikamwambia nina mdogo wangu. Nilidhani inatosha.

Mwisho wa Mei baridi ilianza, ile baridi kavu ya Joburg inayopasua midomo, na Ilunga akapata homa. Mama alimpeleka kliniki, wakampa dawa ya maji, homa ikashuka, ikarudi. Siku ya tatu Papa alimtumia Kaku ujumbe. Kaku ni mama yake, alikuwa Lubumbashi, na sauti yake ilikuwa inafika kwetu kwa vipande kwenye simu, kipande kimoja kimoja, kuku wakilia nyuma yake. Nakumbuka tulikaa kitandani wote tukasikiliza. Kaku alisema marehemu mwanawe hakuzikwa vizuri, watu walikosana msibani, na sasa amekuja kuchukua jina lake. Akasema: "Ile jina njo inamukula mutoto. Jina ni nguo. Ikibana, muvue." Akaongeza kwamba jina likishavuliwa lisitajwe tena na mtu, na kila kitu kilichoandikwa jina hilo kitoke ndani ya nyumba.

Papa aliinua macho akatazama jedwali lake ukutani. Nilimwona. Sasa alikuwa na mashahidi wawili, mama yake na wafalme wa Japani, na mtu mwenye mashahidi wawili haoni haja ya kumwuliza mkewe.

Msinielewe vibaya, simcheki Kaku. Kuna watu wengi walivuliwa jina wakiwa wachanga, na leo ni vibaba vinene vinapiga kelele makanisani. Mimi nasema tu kilichotokea kwetu.

Papa aliitisha baraza. Alifanya hivyo kwa dhati kabisa, na kilichoniuma baadaye ni kwamba ilikuwa furaha. Alikata karatasi vipande akatupa kila mtu chake na kalamu. Akatusomea masharti kama ya kule Japani: jina liwe fupi, liwe rahisi kuandika, asiwe nalo mtu yeyote wa ukoo, aliye hai wala aliyekufa, liwe na maana ambayo mtoto ataweza kuishi ndani yake. Na herufi ya kwanza isigongane na zetu. Papa aliandika Ushindi. Mimi nilifikiri mpaka kichwa kikauma, nikaandika Uzima. Mama hakuandika kitu. Papa akamwambia, mama watoto, lete jina. Mama alikuwa na Ilunga kifuani, amemfunika kwa blanketi la njano.

"Mi sina jina," alisema. "Niko na mutoto ana homa."

Papa akatazama vile vipande viwili kwa muda mrefu. Akasema ushindi unahitaji adui, lakini uzima hauhitaji kitu. Akachagua langu. Alinipa mkono kama mtu mzima. Sijui kama nimewahi kujisikia mkubwa hivyo tena, hata siku niliyojifungua.

Siku ya pili yake homa ikapoa. Mtoto alinyonya, akatabasamu lile tabasamu la wachanga la usingizini, na Papa akaenda kazini anapiga mluzi. Mama ndiye aliyejua kwamba usiku alikuwa amempa dawa ya kliniki iliyobaki chupani, lakini hakumnyang'anya mumewe mluzi wake. Papa alikusanya kijitabu cha kliniki na karatasi ya hospitali, vyote vimeandikwa jina la zamani, akavitia kwenye bahasha ya kaki. Hakuchoma. Papa hajawahi kuchoma karatasi maishani mwake. Alivipeleka yadini akavifungia kwenye droo ya meza yake, pamoja na karatasi za magari.

Nilimwuliza jioni ile kama zamani kulikuwa na mfalme aliyepona kwa jina jipya. Alikuwa amechangamka, akaanza kunisimulia ya mmoja wa kale sana. Aliugua, wakaipa enzi yake jina la Shucho, yaani ndege mwekundu, ndege wa heri wa upande wa kusini. Hapo Papa akaanza kuhangaika na kamba ya kiatu. Nikamkazania. Akasema enzi ile ilikuwa fupi, haikufika miezi miwili. Nikauliza baada ya hapo ikaitwaje. Akasema haikuitwa. Miaka kama kumi na mitano ikapita bila jina, inahesabiwa tu. Kisha akaniambia nikalale, na jua lilikuwa bado halijazama.

Alijua mwisho wa hadithi. Nataka mlisikie hilo. Alijua, na bado akaenda nayo nusu ile iliyomfaa.

Asubuhi ya Jumanne mtoto alikataa ziwa. Mama hakuomba ruhusa, alimfunga mgongoni, akaniambia vaa, shule utakwenda kesho. Mimi ndiye nilikuwa mdomo wa familia. Kiingereza cha Mama kilikuwa cha saluni, bei na mitindo, na cha Papa kilikuwa cha magari. Papa naye akavaa koti lake akafuata. Njiani, tulipofika kwenye roboti, taa za barabarani zikiwa nyekundu, aliinama akanishika mabega. Akaniambia huko ndani nitakuwa nasema mimi, na niseme Uzima, Uzima tu. Lile jingine likitajwa mbele ya mtoto, yule anayelitafuta atasikia. Akaniuliza kama nimeelewa. Nilielewa kupita kiasi.

Kliniki ilikuwa imejaa, watu wamekaa kwenye mabenchi wanasogea makalio kwa makalio kuelekea kaunta. Tulipofika, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi aliniuliza kwa Kizulu jina la mtoto. Nikamwambia. Akaniomba kijitabu. Nikasema hatuna. Akapekua kwenye kompyuta, akapekua kwenye kabati, akasema hakuna mtoto wa jina hilo, mtoto huyu ni mgeni, na mgeni anafunguliwa faili, foleni yake ni ile kule, na tulete karatasi ya hospitali kuonyesha ni wetu. Nilimtafsiria Papa. Jasho lilikuwa limemtoka katika baridi ile. Papa, ambaye ukimpa gari la Showa atakwambia mwaka liliozaliwa kabla hujafungua boneti, alisimama pale kama gogo. Akasema karatasi ziko kazini, anazifuata. Akatoka anakimbia na koti lake.

Tukakaa foleni ya wageni. Mtoto alikuwa kimya. Tangu nyumbani alikuwa analia kama paka, sasa ametulia, na tulishukuru. Mtoto anayelia watu humpisha. Mtoto aliye kimya hakimbiliwi na mtu. Muuguzi alipita mbele yetu mara tatu na hakuna aliyefunua blanketi, naye hatukumwita, kwa sababu tulifundishwa kwamba mgeni hapigi kelele katika nchi ya watu. Hasira zangu nimezigawa, msidhani zote ni za Papa. Yule mwenye miwani ana fungu lake. Yule muuguzi ana lake. Na mimi sikujisahau.

Kwa sababu ilifika wakati Mama alinigusa goti. Alisema taratibu, bila kunitazama, "Doka, enda useme."

Hakusema niseme nini. Hakuhitaji. Nilinyanyuka nikaenda kaunta, na mama mwenye miwani akainua uso, akaniambia, yebo sisi, yaani ndiyo dada, kwa upole kabisa, na neno lilikuwa hapa. Hapa mbele ya ulimi. I-lu-nga. Silabi tatu, na faili lingetoka, na ndani ya faili chanjo zake na uzito wake na ile homa ya juma lililopita, na mtu angesema huyu anarudi mara ya pili, mleteni. Nikageuka nikamwangalia mdogo wangu kwenye mapaja ya Mama. Niliwaza kwamba nikilitaja, yule marehemu ataingia kwa mlango ule wa kioo. Nililiona jina kama kisu nilichopewa nikishike. Nami nilikuwa nimemchagulia jina langu mwenyewe, jina zuri, na nilitaka lifanye kazi.

Nikasema, "Uzima."

Akaniambia mpenzi wangu, nimeshakwambia huyo hayumo. Rudi foleni.

Nilirudi.  Mama alinisomea usoni, akamvuta mtoto karibu zaidi, akaanza kumwimbia chini chini. Papa aliporudi na bahasha ya kaki, pumzi zinamtoka, tulikuwa tumebakiza watu wanne. Akatoa kijitabu, akamnyooshea Mama. Mama hakukipokea. Alifunua blanketi akamwonyesha.

Hapo ndipo watu walipokimbia. Mnajua mnavyowaona wauguzi wakikimbia, viatu vyao vinavyolia sakafuni. Walimchukua ndani, wakafunga pazia, na walifanya kila kitu. Nasema hivyo kwa haki yao. Lakini wote tuliokuwa kwenye benchi lile tulijua, hata bibi mmoja aliyekaa pembeni yetu, aliyekuwa amekuja kwa ajili ya mguu wake, maana alivua kofia yake ya sufu akaiweka magotini.

Hakufikisha miezi miwili. Karatasi ya serikali ya kifo iliandikwa Ilunga. Mchungaji kaburini alisema Uzima. Mimi nilisimama katikati, na sikujua namlilia yupi.

Baada ya hapo nyumba yetu ikanyamaza. Papa alilibandua jedwali lake ukutani, na pale lilipokuwa pakabaki mraba mweupe ambao tulikula tukiutazama. Kaku alituma sauti, Mama akazifuta bila kuzisikiliza. Mama hakumgombeza Papa hata siku moja, na hilo nililiona kuwa woga. Nilikua nikimdharau kwa ajili hiyo. Nilimaliza sekondari nikimdharau. Papa nilimchukia waziwazi, kwa kumkatalia salamu na kumkosea adabu mbele ya wageni, naye alipokea yote kama mtu anayepokea mshahara wake.

Kisha nami nikapata mtoto. Baba yake hayupo, na hiyo si hadithi ya leo. Mwanangu alipofika wiki ya kumi alishikwa na homa, nami nikamkimbiza kliniki, nyingine, ya mtaa mwingine. Kijitabu nilikisahau kitandani. Nikafika kaunta. Nilianza kulia kabla sijaulizwa kitu, nasema nina jina, jina lake ni hili, ni hilohilo, halijabadilika. Kijana aliyekaa pale alinitazama kwa huruma, akasema hata sihitaji jina, sisi, nipe tarehe ya kuzaliwa. Nikampa. Akagonga vidole mara tano sita, akageuza kompyuta nione. Mwanangu huyo hapo.

Mtoto alipona kwa siku mbili, ilikuwa sikio. Mimi ndiye sikupona. Tarehe! Jina tulimvua, tukamvisha jingine, lakini siku yake ya kuzaliwa haikuvuliwa na mtu. Haikukatazwa. Papa angeweza kuitaja kwa sauti mbele ya mtoto na mbele ya marehemu wote wa ukoo wake. Na kazi ya Papa, chakula tulichokula, ilikuwa ni hiyo: kuliacha jina na kutafuta mwaka ulio nyuma yake. Maelfu ya magari aliyatambua hivyo. Mwanawe mmoja hakumtambua.

Nilipanda juu kwa Mama saluni siku ile mtoto alipopona, nimembeba mgongoni. Alikuwa anamsuka mteja, nikamwambia toka nje. Pale ngazini nikamweleza yote, nikamwambia leo jioni Papa atasikia. Nitamsimamisha, nitamwambia ulichohitaji kusema ni tarehe tu, na wewe ni fundi wa tarehe. Nilitaka nimwone uso. Nilikuwa nimeungojea uso huo tangu nikiwa na miaka kumi na miwili.

Mama alifuta mafuta ya nywele kwenye aproni yake, kidole kimoja kimoja.

"Najua," alisema. "Juma ile ya maziko nilirudi kule kuchukua karatasi yake. Yule mama wa miwani alinisontea kalenda, mutoto alizaliwa siku gani. Nikaweka kidole. Akaleta faili hata sijakaa."

Nilimwuliza kwa nini hakumwambia Papa. Miaka yote hiyo, kwa nini alinyamaza.

"Wakati ule baba yako alikuwa anaenda kusimama pale kwa daraja ya reli, kila siku akitoka kazi. Anasimama tu. Nilikuwa namufuata nyuma bila yeye kujua, na nywele za watu nimeziacha nusu. Kama ningemuambia, ningezika wawili, na weye ungebaki na nani?"

Alimtoa mwanangu mgongoni mwangu, akamgusa paji la uso, akasema limepoa. Kisha akarudi ndani kwa mteja wake, maana alikuwa amemwacha na upande mmoja.

Basi nilikaa pale ngazini. Nilikuwa nimekuja na hasira ya kumtosha mtu mmoja, na ghafla sikuwa na mtu wa kumpa. Yule mwanamke niliyemwita mwoga alikuwa ameshika kitu kile kwa mikono mitupu tangu juma la maziko, kila siku akimpakulia mumewe chakula, na hakuwahi kukidondosha. Bado nina hasira. Sitawadanganya kwamba nimesamehe, wala sijajaribu. Lakini jioni ile Papa alipopiga simu kuuliza hali ya mjukuu, nilimwambia amepona, homa imeisha. Akaniuliza kama kliniki walinisumbua.

Nikamwambia hapana, Papa. Hawakunisumbua.

Sasa tunajua wawili, na ninyi ni wa tatu. Papa hasomi vitabu, makaratasi ya magari tu, kwa hiyo hapa hatafika. Lakini mkikutana naye, mwanamume mwembamba anayetembea ameinamisha kichwa, mwulizeni habari za mjukuu wake. Atawaonyesha picha nyingi. Tazameni zote, na mengine yote mnyamaze.